Wakristu wa Sikukuu: Namna Walivyopotea na Namna Walivyorudi Pwani ya Tanganyika

Kila mwaka, usiku wa Noeli, kanisa linakuwa dogo. Watu wa Nyamianda, kartye yetu ya Uvira, muji uliobanwa kati ya ziwa na milima, wanafika mbele ya saa kusudi wapate pahali pa kukaa. Wale wanaofika nyuma wanasimama inje karibu na madirisha, watoto mabegani. Kiisha, Dominika inayofuata, tunahesabu viti vitupu. Hapo wengine kati yetu sisi mapadri, na makatekista vilevile, tunasema kwa kucheka: "Wakristu wa Noeli wamekwenda, tutaonana Pasaka."

Ndugu wapendwa, neno hili halifai kutuchekesha. Mutu anayekuja mara mbili kwa mwaka hakusahau njia, kwani alikuja. Na akisimama kwenye dirisha kuliko kuingia ndani, iko sababu. Toka tulipoanza kuuliza sababu hizo nyumba kwa nyumba, tumeona kwamba nyingi ni za zamani kuliko mutu mwenyewe. Juu ya hiyo tumetaka kutazama historia, kidogo ile ya Eklezia nzima, na zaidi ile ya pwani yetu ya kaskazini. Tuulize maneno mawili tu: watu hawa walitoka kwa mulango gani, na nani aliwarudisha?

I. Jambo la zamani sana

Wanaseminari wanaosoma historia ya Eklezia wanajua Sinodi ya Agde, kusini mwa Ufaransa, mwaka 506. Maaskofu waliokutana kule waliamuru kwamba mulei asiyekomunika siku ya Noeli, siku ya Pasaka na siku ya Pentekoste asihesabiwe tena kuwa Mukatoliki. Tuangalie vizuri. Hawakusema kila Dominika. Walisema siku tatu. Basi miaka elfu moja na mia tano iliyopita, wakristu wa sikukuu walikuwako, na maaskofu walijua hesabu yao.

Mwaka 1215, Mutaguso Mukuu wa ine wa Laterani ulishuka chini zaidi: kila mukristu mwenye akili timamu aungame walau mara moja kwa mwaka, na apokee Ekaristia walau wakati wa Pasaka. Toka mara tatu tumefika mara moja. Wengine wanaona hapa ulegevu. Sisi tunaona mama anayeshika kamba nyembamba kuliko kuikata. Lakini sheria inaonyesha tu mwisho wa kamba uko wapi, haivuti. Kuvuta ni kazi ya mutu.

Namna ya kuvuta, wazee wetu wa Afrika waliijua. Yapata mwaka 400, Mutakatifu Agustino aliandika kitabu kidogo kwa shemasi Deogratias wa Karthago, juu ya kufundisha watu wanaoanza. Ndani yake alitaja jambo ambalo labda hatungelitazamia kwa mwalimu mukubwa namna ile: musikilizaji akichoka kwa kusimama, apewe kiti. Alisifu hata makanisa ya ng'ambo ya bahari ambamo watu walikaa wakati wa mafundisho. Mbele yake, katika karne ya tatu, kitabu cha Didaskalia kilichoandikwa inchi ya Siria kilimwambia askofu kwamba maskini akiingia na pahali hakuna, askofu mwenyewe amutafutie pahali kwa moyo wote, hata ikimupasa kukaa chini.

Basi kupokea mutu kulianza na kiti. Hata nyumbani kwetu mugeni haulizwi habari mbele hajakaa. Tutarudi kwa neno hili.

II. Ngazi za Kardinali Lavigerie

Wamisionari wa kwanza wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879. Kardinali Lavigerie aliyewatuma alikuwa ameanzisha shirika lao Aljeri mwaka 1868. Ng'ambo yetu, huko Rumonge, mapadri Deniaud na Augier pamoja na musaidizi wao d'Hoop waliuawa tarehe 4 mwezi wa tano 1881. Upande wetu wa magaribi, wamisionari walikaa Masanze mwaka 1880, kiisha Kibanga mwaka 1883. Ulikuwa wakati wa biashara ya watumwa. Wamisionari walikomboa watoto kwa vitambaa na mali nyingine, wakawalea kando ya misioni. Kwa hivi, wengi kati ya wakristu wa kwanza wa pwani hii walikuwa watu waliotengwa na ukoo wao: jamaa yao ilikuwa misioni.

Kardinali aliwakataza wana wake wasibatize mbio. Aliweka ngazi: miaka miwili mutu ni mupostulanti, miaka miwili mukatekumeni, na nyuma ya miaka ine, akionekana imara, anabatizwa. Tumezoea kusema kwamba sheria hii ilikuwa kali. Ni kweli. Lakini tuitazame upande wa pili. Miaka ine mizima mutu ambaye hajabatizwa alikuwa na jina katika kitabu, alikuwa na mwalimu, alikuwa na sala zake na siku zake za kufika. Alikuwa njiani, na kila mutu alijua yuko wapi njiani. Hakuitwa mutu wa inje.

Leo, nani ana pahali kama pale? Tunamujua kijana aliyekaa na mwanamuke miaka sita, wana watoto watatu, mahari haijaisha, kwa hivi ndoa ya kanisa haijafika. Hawezi kukomunika, na yeye anakubali. Lakini sisi hatukumupa ngazi yoyote, tulimupa ukuta. Tulimwambia, "Utakuja ukimaliza." Naye akaelewa kwamba asije mbele hajamaliza. Anakuja Noeli, kwani Noeli ni ya wote. Lavigerie, ambaye tunamwona mukali, angalimuuliza mwalimu wake ni nani.

Kuna funzo la pili. Misioni ya Kibanga haikudumu. Nyuma ya miaka kama kumi, juu ya magonjwa na vita vya wafanyabiashara ya watumwa, wamisionari waliiacha. Nguvu ya misioni ilikwenda kusini, Mpala, ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885, na Baudouinville, iliyoanzishwa mwaka 1893. Pwani ya kaskazini ilibaki ikingoja. Hata wakati misioni zilipopandwa tena upande wetu, kwa vijiji vya mbali Misa ilikuwa ile siku padri anapofika kwa safari. Siku zingine zote ilikuwa sala ya katekista.

Wandugu, tupime neno hili. Babu katika kijiji cha mulimani alimwona padri mara mbili au tatu kwa mwaka. Siku ile walichinja, walivaa vizuri, waliungama, walikomunika, watoto walibatizwa. Alijifunza kwamba Misa ni sikukuu, na kwamba mukristu mwema ni yule asiyekosa siku padri anapofika. Hakukosea, ndiyo kipimo alichopewa. Leo mujukuu wake amehamia muji wa Uvira, kanisa liko karibu, na bado anakuja mara mbili kwa mwaka. Tunamulaumu mujukuu kwa kipimo ambacho sisi wenyewe tulimupa babu yake. Kabla ya kuwa na wakristu wa mara mbili kwa mwaka, tulikuwa na mapadri wa mara mbili kwa mwaka.

III. Yule anayekwenda

Nani basi alishika watu katikati ya safari moja ya padri na nyingine? Ni katekista. Huko Mpala wamisionari walifundisha makatekista kwa bidii, na katika nyumba zile za masomo Stefano Kaoze alianza njia iliyomufikisha upadri, Baudouinville, tarehe 21 mwezi wa saba 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa siku hizi zetu. Tunamukumbuka kwa haki. Lakini kwa padri mumoja kulikuwa makatekista wengi ambao hakuna anayeandika majina yao.

Mumoja jina lake linajulikana. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, aliuzwa utumwani mutoto, alikombolewa, alisoma udaktari Malta, akafika Karema, ng'ambo ya Tanganyika, mwaka 1889. Alikaa kule daktari na katekista hata kufa kwake mwaka 1956. Watu ambao hawakukusudia kamwe kuingia kanisani walikuja kwake na kidonda au homa. Yeye hakuwauliza kwanza sala. Aliwauliza wanaumwa wapi. Hapo, katika kidonda, mazungumzo yalianza. Zaidi ya miaka sitini ya kazi hii ilifungua mulango ambao mahubiri peke yake hayangefungua.

Padri naye alikuwa na kitabu. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917, kanuni 470, ilimuagiza paroko kuwa na kitabu cha hali ya roho za watu: nani anakaa nyumba ipi, nani amebatizwa, nani ameoa, nani hakufanya Pasaka. Katekista alitembea mbele, padri nyuma, kitabu mukononi. Kitabu kile kilikuwa chombo cha kujua watu kwa jina. Tukumbuke vizuri kazi yake ya kwanza, kwani mbele kidogo tutaona namna chombo chema kinavyoweza kugeuka.

IV. Mwaka 1964

Mwaka 1958 wamisionari Wasaveri kutoka Italia walifika upande wetu, na mwaka 1962 jimbo la Uvira lilizaliwa, askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi. Miaka miwili tu baadaye, mwezi wa tano 1964, waasi walioitwa Simba walishika Uvira. Askofu na wamisionari wengine walifungwa mujini hata mwezi wa kumi. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, Baraka, bruda Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara waliuawa. Siku ileile, Fizi, padri Giovanni Didonè na abe Albert Joubert. Huyu Albert alizaliwa mwaka 1908, mwana wa kapiteni Joubert aliyelinda misioni za Tanganyika, na wa mama Mwafrika. Wote wane walitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 mwezi wa nane 2024, na Kardinali Ambongo aliongoza Misa ile.

Tunawaheshimu wenye heri, na ni haki. Lakini historia inatuuliza neno lingine: wale wengine? Kati ya vijana waliopokea dawa ya waasi na kupiga kelele "Mai Mulele" walikuwamo waliobatizwa, waliosoma shule za misioni. Wengine walifuata kwa imani, wengine kwa hasira, wengine kwa sababu bunduki ilikuwa mugongoni mwao. Na wakati mapadri hawakuwako tena, na milima ya Fizi ilipobaki miaka mingi mikononi mwa waasi, wangapi waliacha sala, walioa wanawake wawili, walirudia kafara za ukoo? Walipotaka kurudi, walikuta macho ya majirani.

Afrika ilikwisha kupita njia hii. Mwaka 250 Kaisari Desio aliamuru watu wote wa milki yake watoe kafara kwa miungu na kupokea cheti. Karthago, wakristu wengi walianguka: wengine walitoa kafara kweli, wengine walinunua cheti tu kusudi waachwe. Mateso yalipopungua, walitaka kurudi. Kule Roma padri Novasiano alisema mulango umefungwa. Wengine Karthago walitaka wote waingie siku ileile bila neno. Mutakatifu Sipriano, askofu wa Karthago, alikataa njia zote mbili. Pamoja na maaskofu waliokutana mwaka 251 aliamua kwamba kila mutu atazamwe peke yake: alifanya nini, kwa kulazimishwa namna gani, anatubu namna gani. Waliokuwa na cheti tu walipokelewa mbele. Waliotoa kafara walipewa toba ndefu. Na mateso mengine yalipokaribia, wenye kutubu walipewa amani ya Eklezia kusudi waende vitani na nguvu.

Sipriano mwenyewe alikufa shahidi mwaka 258. Yule aliyekufa kwa imani ndiye aliyefungua mulango kwa wale walioanguka. Tusitumie basi damu ya mashahidi wa Baraka na Fizi kama fimbo ya kuwapiga wale ambao hawakuwa mashahidi.

Wazee wanatusimulia kwamba waliopotea wakati ule hawakurudi kwa kundi. Walirudi mumoja mumoja: huyu juu ya ubatizo wa mutoto wa dada yake, yule juu ya mazishi ya mama. Na karibu kila mara kulikuwa mutu wa jirani aliyekwenda kwanza kuwaita.

V. Shirika na kadi

Maaskofu wa Kongo, katika mukutano wao wa mwaka 1961, walikuwa wamekwisha kuchagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, pahali pa kungoja kila kitu kwa misioni kubwa. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba waliona mbali. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo. Mwaka 1974 Noeli ilifanywa siku ya kazi, na shule za Eklezia zilichukuliwa. Ziliporudishwa mwaka 1977, tulikuwa tumejifunza kwamba nyumba kubwa zinaweza kuchukuliwa, lakini jirani wanaosali pamoja hawachukuliwi. Na tuseme hapa neno moja kwa kuwatetea wakristu wa Noeli: muzee fulani ambaye tunamwona Noeli tu, labda ndiye aliyekuja vilevile miaka ile serikali ilipotaka awe kazini.

Hapa kwetu jumuiya zile tunaziita mashirika. Nyumba chache, kiongozi mumoja, sala ya juma, Neno la Mungu, mugonjwa anatazamwa, mufu anazikwa. Shirika lilizaliwa kusudi hakuna mukristu asiyejulikana na mutu. Ni kile kitabu cha hali ya roho, lakini kimepata miguu na macho.

Lakini paroki inahitaji feza. Mapadri wanakula, bati linavuja, katekista ana watoto. Basi shirika likapewa kazi ya kukusanya zaka, na mukristu akapewa kadi ya kupigwa muhuri. Hakuna ubaya katika kutoa. Mutume Paulo mwenyewe alikusanya michango. Ubaya uliingia polepole. Kiongozi wa shirika aliyeulizwa kila mwezi hesabu ya feza, na asiyeulizwa kamwe hesabu ya wagonjwa, alijifunza kazi ipi ni ya maana. Ile kadi iliyosema "huyu ni wetu" ikaanza kusema "huyu ana deni."

Tutasimulia jambo moja, na tunalisimulia kwa haya, kwani tulikuwako. Katika shirika moja la pwani, ambalo hatulitaji, mama muzee alikufa. Mwana wake ni muvuvi wa ndagala, mukristu wa Noeli na Pasaka. Alikuja kuomba Misa ya mazishi. Kitu cha kwanza alichoulizwa ni kadi. Ilikuwa ya mama. Mihuri ilikoma miaka mitatu mbele, wakati mama alipolala kitandani. Viongozi wakasema alipe kwanza ile miaka mitatu. Majadiliano yalikuwa marefu, maiti ikiwa nyumbani. Mwisho Misa ilifanyika, lakini saa nyingi nyuma, na muvuvi alikuwa ameuza wavu. Sisi tulikuwa padri kijana; tulijua kwamba ni vibaya, tukanyamaza kusudi tusiwavunjie viongozi heshima. Nyuma ya mazishi mutu yule hakuonekana tena, hata Noeli.

Tulirudi kusoma sheria. Kanuni 1184 ya sheria ya mwaka 1983 inataja wale wanaonyimwa mazishi ya Eklezia: waasi wa imani wanaojulikana, wazushi, wanaochoma maiti yao kwa kuchukia imani, wenye zambi ya wazi ambao mazishi yao yangaliwakwaza waamini. Mwenye deni la zaka hatajwi. Kanuni 848 inamukataza muhudumu kudai kitu zaidi ya sadaka iliyopangwa, na inamuagiza kuangalia kwamba maskini asikose sakramenti juu ya umaskini wake. Basi tulikuwa tumenyima, au tumekaribia kunyima, kile ambacho Eklezia haikunyima. Novasiano alifunga mulango juu ya kafara kwa miungu. Sisi tuliufunga juu ya mihuri.

Muvuvi yule alirudi. Hakurudi kwa mahubiri yetu. Mama mumoja wa shirika, jirani yake, wakati wa matanga alileta maji na kuni siku zote bila kusema neno la kanisa. Kiisha, kila alipomukuta mangaribi akibeba taa kwenda ziwani, alimwambia, "Mwana wangu, tunakuombea huko kwenye maji." Miezi ikapita. Siku moja alimuuliza, "Mama, munasali lini?" Akamujibu, siku ya tano mangaribi. Akasema, "Saa ile ndiyo natoka." Mama yule akaja kwetu na wazo ambalo hakuna padri aliyekuwa nalo: wakati mwezi unapokuwa mukubwa wavuvi wa ndagala hawaendi ziwani, kwani taa zao hazivuti samaki chini ya mwangaza wa mwezi. Tusali mangaribi ya siku zile. Tulifanya hivyo. Alikuja, na wavuvi wengine wane nyuma yake.

VI. Milango ya siku zetu

Kila wakati unafungua mulango wake wa kutokea. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilivusha watu wengi wa Uvira na Fizi ziwani; huko Tanzania kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na watoto wengi walizaliwa na kukua kule. Wanaporudi, hawana cheti cha ubatizo, hawajui shirika, na shirika haliwajui. Wakiulizwa karatasi mbele ya jina, wanarudi nyumbani na kunyamaza.

Mwaka 2020, toka mwezi wa tatu hata mwezi wa nane, makanisa ya Kongo yalifungwa kwa watu juu ya ugonjwa wa korona. Katikati ya miezi ile, usiku wa tarehe 16 kwenda 17 mwezi wa ine, muto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba za Uvira. Kiisha maji ya ziwa yenyewe yalipanda, na mwaka 2024 yalipanda tena. Nyumba zilihama, mashirika yalivunjika, kwani shirika ni majirani, na majirani walitawanyika. Mutu aliyehamia kartye nyingine na kukuta shirika lisilomujua, alikosa Dominika moja, kiisha ya pili, kiisha akaona haya kurudi. Wengine wamekwenda kusali kwa makundi mengine, na tukiwauliza kwa nini, hawatutajii fundisho. Wanasema, "Kule waliniuliza jina langu."

VII. Historia inatuomba nini

Hatutaki kuandika sheria mpya. Tunaona tu kwamba katika kila wakati tuliotaja mambo yaleyale yalirudisha watu. Tuyakusanye kwa wanaseminari wetu, ambao kesho watakuwa maparoko.

La kwanza ni kiti na jina. Usiku wa Noeli, weka watu wawili wema mulangoni, si kwa kulinda utaratibu tu, lakini kwa kusalimu na kutafutia wageni pahali. Wazee wa shirika wakubali kusimama, kama Didaskalia ilivyomuomba askofu kukaa chini. Na katika mahubiri ya usiku ule usiwapige wale waliofika. Umewangoja mwaka muzima. Utawapokea kwa makofi?

La pili ni ngazi. Kwa wale ambao ndoa yao haijatengenezwa, tusipunguze neno lolote la mafundisho ya Eklezia, lakini tuwape njia yenye mwalimu, siku na matumaini. Waje kwa Neno, wasomeshe watoto wao katekisimu, watazame wagonjwa pamoja na wengine, na mutu mumoja wa shirika awasaidie kuongea na wazee juu ya mahari. Sipriano alitofautisha mutu na mutu, nasi tutofautishe.

La tatu ni saa. Tujue kazi za watu. Ziwa lina mwezi wake, shamba lina mvua yake, soko lina siku yake.

La ine ni matanga. Hakuna nyumba isiyofikiwa na kifo, na pale mukristu wa mara chache anatutazama kwa macho makubwa. Neno la feza lisiwe la kwanza. Afazali lisiwe siku ile kabisa. Kiongozi wa shirika akija kwetu na hesabu, tumuulize kwanza: nani mugonjwa, nani amehamia, nani hatukumwona, na nani alikwenda kumutazama?

Maana kazi hii si ya padri peke yake. Kanuni 529 inamuagiza paroko kujua waamini wake na kutembelea jamaa zao, na tusijifiche nyuma ya wingi wa watu. Lakini historia ya pwani yetu inaonyesha kwamba mutu alirudishwa mara nyingi zaidi na mutu wa karibu kuliko na sauti ya altareni.

Tumalize na siku ile ya mwezi wa kumi na moja 1964. Wakati gari la waasi liliposimama mbele ya misioni ya Baraka, padri Carrara alikuwa kanisani akisikiliza maungamo. Vita vilikuwa pande zote, askofu alikuwa amekwisha kutoka kifungoni, na yeye angaliweza kufikiri kwamba wakati wa maungamo umepita. Lakini watu walikuwa wamekuja, naye alikuwa amekaa akiwangoja. Sasa tunamwita mwenye heri, na tutamuomba sana. Kwanza tufanye alichokuwa akifanya saa ile: tukae pale ambapo mutu anayerudi anaweza kutukuta.